Dawa ya aidini inayonywewa kabla ya kipimo cha CT: dhana potofu na ukweli

Mgonjwa anayeandaliwa kupigwa CT ya tumbo (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka) hapa Kampala anaweza kupewa jagi la maji yaliyochanganywa na dawa yenye aidini, ayanywe kidogo kidogo kwa muda wa saa moja hivi, ili utumbo uonekane mweupe kwenye picha na usichanganywe na uvimbe au usaha ulio kando yake. Ladha yake ni chungu, na kikombe cha kwanza hakijaisha maswali yameshaanza.

Dhana iliyozoeleka ni kwamba anayedhuriwa na samaki asiinywe, kwa kuwa samaki wana aidini. Katika nchi inayokula sangara na mukene, dhana hii inaweza kumnyima mtu kipimo anachokihitaji sana. Ukweli ni kwamba mzio wa samaki huletwa na protini zake, si aidini, ambayo imo hata kwenye chumvi tunayotia katika mboga kila siku. La kumweleza mhudumu ni iwapo uliwahi kuvimba midomo, kutokwa na vipele au kubanwa pumzi baada ya kupewa dawa ya namna hii, iwe kwa kunywa au kwa sindano.

Wengine hudai kwamba ikinywewa haiingii mwilini. Huingia: takriban asilimia 1 hadi 2 hufyonzwa, na zaidi iwapo ukuta wa utumbo umeumia, kwa hiyo mzio ni nadra lakini hutokea. Aidini hiyo haina mionzi. Mionzi hutoka kwenye mashine.

Hatari ninayoiogopa kuliko hizo ni kupaliwa, nayo haitajwi sana. Gastrografin, mojawapo ya dawa hizi za aidini, isipozimuliwa ina mkolezo unaokaribia mara 7 ya ule wa damu. Ikiteremkia njia ya hewa, huyavuta maji ya mwilini yakajaa mapafuni, na mgonjwa anaweza kufa. Uvutaji huohuo wa maji, ukitokea utumboni, ndio unaoleta kuhara, jambo ambalo mtu mzima hulistahimili lakini humkausha mtoto mchanga upesi. Kwa hiyo mzee aliyepata kiharusi, ambaye hata chai humpalia, asikabidhiwe kikombe kabla daktari hajajua hali yake, maana zipo dawa za mkolezo mdogo, kama iohexol, zilizo salama zaidi kwake, na anayemwuguza nyumbani ndiye ajuaye jinsi anavyokohoa kila anapomeza.