Maana ya Mtiririko wa Mti Katika Uchumi wa Taifa

Mtiririko wa mti ni hesabu ya safari ya mti mzima ndani ya uchumi, tangu unapoangushwa hadi kipande chake cha mwisho kinapooza au kuungua. Hesabu hii hufanywa kwa meta za ujazo badala ya shilingi, kwa sababu bei huficha mengi: banzi, yaani kipande cha pembeni ya gogo, lisilo na mnunuzi bado ni sehemu ya gogo, na asiyelihesabu hawezi kueleza mti umeishia wapi.

Tuuchukue msindano wa Sao Hill, wilayani Mufindi, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote nchini Tanzania. Gogo lake likipasuliwa kwa mashine ndogo ambazo wenyeji wa Mufindi na Njombe huziita dingdong, mbao zinazopatikana hazifiki hata nusu ya ujazo wake, kwa kuwa msumeno mnene hugeuza sehemu kubwa kuwa vumbi kila unapopita. Mabanzi hujengewa mabanda na uzio au huwa kuni. Maranda yanayotoka kwenye randa huuzwa kwa wafugaji, wakayatandaza chini ya kuku. Na vumbi hushindiliwa kwenye jiko la bati, likaacha tundu katikati na kuwaka taratibu kwa saa kadhaa. Msindano mwingine haupiti kwenye msumeno wa mbao kabisa, bali hupelekwa kiwanda cha Mgololo kutengenezwa karatasi ngumu za kaki.

Urejelezaji nao ni sehemu ya mtiririko huu, ingawa kwetu haufanani na ule wa vitabuni, wenye mapipa ya rangi na magari ya kukusanya. Kwenye ujenzi wa ghorofa Dar es Salaam, ubao wa inchi moja kwa nane uliofungia zege la nguzo za chini hung'olewa, kibarua akaketi juu ya tofali kunyoosha misumari kwa nyundo, na ubao uleule ukapanda ghorofa ya pili, kisha ya tatu. Mirunda iliyoshikilia slabu hukodishwa kwa mjenzi mwingine. Ubao ukishachakaa huzibia banda, na mwisho humfikia mama lishe. Wataalamu huyaita haya matumizi ya ngazi, yaani kipande hutumika kwanza pale kinapohitajika kikiwa imara, ndipo kishuke hadi motoni. Mafundi wetu wanayafanya kila siku, lakini kwa kuwa hakuna risiti, takwimu za taifa haziyaoni.

Hata hivyo, kiasi kikubwa cha miti hakipitii ngazi yoyote. Hutoka msitu wa asili na kwenda moja kwa moja kuwa kuni na mkaa, na katika tanuri la udongo kilo moja ya mkaa inaweza kula kilo tano hadi kumi za mti. Tathmini ya misitu ya Tanzania Bara iliyotolewa mwaka 2015 ilikadiria matumizi ya meta za ujazo milioni 62.3 kwa mwaka, wakati kiwango kinachoweza kuvunwa bila kuimaliza misitu kilikuwa milioni 42.8. Kwa maoni yangu, anayezungumzia uhaba wa mbao bila kuutaja mkaa anapima kijito akiuacha mto.

Kuna pia mti ambao haufai kushushwa hadi jikoni. Nguzo za umeme na mbao za paa zilizotiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki, ambazo mara nyingi hutambulika kwa rangi ya kijani, zinaweza kuwa uzio au daraja la mfereji baada ya kazi yake ya kwanza, lakini zikichomwa aseniki hutoka na moshi na nyingine hubaki kwenye majivu. Fundi anayegawa vipande vya kuni jioni hana budi kuvitenga hivyo kando.