Hiyo r unaipimia wapi?

Juzi nasahihisha majibu nakuta mwanafunzi kaandika kwamba kwenye kituo cha anga kinachoizunguka dunia, kimo cha kilomita 400 hivi, nguvu ya uga wa graviti (yaani mvuto wa dunia pale ulipo) ni nyutoni 2,491 kwa kila kilo. Elfu mbili na ushee! Yaani mtu akiwa huko juu anavutwa mara 250 kuliko sisi tuliosimama chini. Kalkuleta yake haina kosa, fomula yake haina kosa, tatizo ni r, yaani umbali unaoingia kwenye fomula, kaweka kilomita 400. Na wala si wa kwanza, kila mwaka nakutana nao.

Fomula yenyewe ni g = GM/r², g ndo hiyo nguvu ya uga. M ni masi ya kinachovuta, G ni namba isiyobadilika, 6.67 × 10⁻¹¹, ndogo mno, ndo maana wewe na jirani yako hamvutani mkagongana. Halafu angalia kisichokuwemo: masi ya kitu kinachovutwa haipo kabisa. g inakwambia tu kwamba ukiweka kilo moja pale itavutwa kwa nyutoni ngapi, uweke usiweke uga upo palepale unasubiri. Wengine wanaongeza alama ya kutoa mbele, usiogope, inasema tu mvuto unaelekea ndani, kinyume na r inavyokua.

Sasa hiyo r mraba inatoka wapi? Fikiria mvuto kama mistari inayoingia kwenye nukta kutoka pande zote. Idadi ya mistari haibadiliki, ila ukijitenga mara mbili mistari ileile inagawanywa kwenye tufe lenye eneo mara nne, kwa hiyo kila sehemu inapata robo. Mara tatu, inapata moja ya tisa. Mwanga wa taa unafifia kwa mtindo huohuo.

Lakini dunia si nukta jamani, ni tufe kubwa la mawe na chuma, mbona tunaitumia fomula ya nukta? Hapa ndo Newton alifanya kitu ambacho mimi mpaka leo nakiona kitamu kuliko vyote kwenye mada hii, alithibitisha kwenye kitabu chake cha 1687 kwamba tufe lililopangika sawasawa pande zote, ukiwa nje yake, linavuta kana kwamba masi yote imebanwa kwenye kitovu. Kwa hiyo r inaanzia kitovuni, sio kwenye udongo unaoukanyaga. Umeshasimama kilomita 6,371 kutoka kwenye "nukta" hata kabla hujaruka! Ongeza 400 upate 6,771, piga hesabu, g inatoka kama 8.7. Kutoka 9.8 imepungua kidogo tu, kama asilimia 11.

Ndio, najua swali linalofuata, mbona wanaanga wanaelea. Wanaelea kwa sababu wanaanguka, wao na kituo chao pamoja, huku wanakimbia kwenda mbele kilomita 7.7 hivi kila sekunde kwa hiyo kila wakianguka dunia nayo inapinda chini yao. Graviti ipo tele.

r hiyohiyo inakupa vioja vingine. Mirihi ina masi karibu mara mbili ya Zebaki, lakini g ya juu ya uso wake na ya Zebaki zote ni kama 3.7, kwa sababu Mirihi ni pana zaidi, uso wake uko mbali zaidi na kitovu. Au chukua mwezi, uko umbali wa kama nusukipenyo 60 za dunia, basi uga wa dunia pale ni 9.8 gawanya kwa 3,600, yaani 0.0027. Kadogo, ila kanatosha kuushika mwezi usitoroke.

Uga mbili zikikutana zinajumlishwa kama vekta, uelekeo unahesabika. Kati ya dunia na mwezi kuna sehemu zinafutana, na haiko katikati, iko kama kilomita 346,000 kutoka kitovu cha dunia, karibu kabisa na mwezi. (Jua bado linavuta hapo, tusilisahau.)

Yule mwanafunzi nilipomwelewesha akanirudishia swali: kama inaanzia kitovuni, nikichimba mpaka r iwe sifuri si g italipuka iwe haina mwisho? Hapana, ile fomula ni ya nje tu. Ukishaingia ndani, matabaka uliyoyaacha juu yako yanakuvuta kila upande mpaka yanafutana, inabaki kukuvuta ile masi iliyo chini yako tu. Kwa dunia halisi g haipungui haraka, inazunguka kwenye 10 mpaka ufike kwenye kiini kilomita kama 2,900 chini, kwa sababu kiini kina msongamano mkubwa, na kuanzia hapo inashuka mpaka kitovuni inakuwa sifuri.