Shaba Haiungui Tanurini

Wiki hii nimeisikia tena, safari hii kwenye kiwanda kimoja cha nondo kule Barabara ya Nyerere: “Injinia, moto ule unakula kila kitu.” Mbele yetu rundo la skrepa, na juu yake stata za magari, alteneta na mota ya pampu, zote na waya wake wa shaba ndani. Pembeni bileti, mche mnene wa chuma wa kutengenezea nondo, iliyotoka kupashwa moto imechanika usoni kama tope lililokauka. Na anayelaumiwa ni fundi wa moldi, kalibu ambamo chuma kilichoyeyuka huganda kuwa bileti!

Moto hauli shaba. Kwenye tanuri la kuyeyushia, oksijeni hukimbilia chuma kabla ya kuigusa shaba, kwa hiyo ulichoingiza ndicho utakachokikuta kwenye bileti. Mwanzoni hukioni. Bileti ikipashwa tena kwa ajili ya rolingi, yaani kubanwa na rola iwe nondo, chuma cha juu kinaungua kuwa magamba, shaba inabaki imejikusanya chini ya magamba hayo. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 1085, na tanuri la kupasha huwa limepita hapo. Basi inapenya katikati ya chembe za chuma, rola zikibana tu, uso unachanika. Badilisha moldi hata kumi, nyufa hizo utazikuta palepale.

“Sumaku inachambua,” wananiambia. Sumaku inainua mota nzima, maana bodi yake ni chuma! Weka vijana wawili wenye nyundo na patasi wazipasue kwanza; shaba yenyewe ina bei kuliko hicho chuma. Ikishaingia, kilichobaki ni kuipunguza kwa kuongeza skrepa safi au chuma sponji, kile kinachotolewa kwenye mawe ya chuma bila kuyeyushwa. Mimi spektromita, mashine ya kupima kilichomo ndani ya chuma, ikisoma shaba asilimia 0.2, naanza kuwa macho.

“Ongeza maji, nyufa zitaisha.” Mara nyingi maji ya kupoza bileti inapotoka moldini yapo, ila nozeli, midomo ya kuyanyunyizia, za upande mmoja zimeziba kwa chumvi. Bileti inapoa upande, inakwenda mshazari, kona zinapasuka. Fungua nozeli, safisha.

“Chuma kikimiminwa cha moto zaidi, uso unalainika.” Ganda la nje la bileti litatoka moldini likiwa jembamba, litapasuka.

Vitundu usoni navyo wanaviita bahati mbaya. Ni unyevu: skrepa iliyolala nje masika nzima, chokaa iliyolowa, mafuta ya moldi yaliyozidi. Ezekeni banda la skrepa, tafadhali. Bomba lililobanwa na maji ndani likizama kwenye chuma kilichoyeyuka hulipuka, na nimeshambeba kijana aliyekuwa amesimama karibu.