Jicho halipimi presha: dhana potofu kuhusu kujijazia risasi

Nikiwaambia jamaa wa nyumbani kwamba huku Marekani ninajijazia mwenyewe risasi za kuwindia, wengi huwaza gobore. Mtu anamimina baruti kwa kukadiria, anashindilia kwa mdeki, anatia fataki, basi. Hapo ndipo makosa yanapoanzia, maana baruti ya bunduki za leo si ile nyeusi ya gobore. Baruti isiyo na moshi, aliyoibuni Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, huwaka kasi zaidi kadiri presha inavyopanda, na ikiwaka kasi zaidi huipandisha presha juu zaidi. Kwa hiyo ziada ndogo kwenye mizani haileti ziada ndogo ndani ya chemba, yaani kile chumba cha nyuma ya mtutu ganda linamokaa.

Risasi ya .308 Winchester imewekewa kikomo cha pauni 62,000 kwa kila inchi ya mraba na SAAMI, taasisi ya Marekani inayopanga viwango hivi tangu 1926. Tairi la gari dogo hujazwa upepo hadi pauni 32 hivi. Piga hesabu: ni karibu mara 1,900, na shavu lako limelala juu ya kitako cha bunduki hiyo hiyo.

"Nikizidisha, ganda litaniambia." Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu wanaoishika ni watu makini. Wanaongeza baruti kidogo kidogo, wanaokota ganda, wanatazama fataki, kile kikombe kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti. Ikiwa bado ina ukingo wa mviringo wanaongeza tena. Ikiwa imebapa wanarudi nyuma. Lakini kubapa kwa fataki kunategemea pia ugumu wa kikombe chake na nafasi iliyobaki kati ya ganda na bolti, kile chuma kinachoziba chemba kwa nyuma. Fataki laini hubapa hata kwa kipimo cha wastani, na ngumu hubaki na umbo lake huku presha imeshavuka mpaka.

Dalili nyingine, kama doa linalong'aa kwenye kitako cha ganda au bolti inayokataa kuinuka mpaka uigonge kwa kiganja, ni za kweli, ila huchelewa. Zinaonyesha kwamba shaba ya ganda yenyewe imeanza kutiririka, na mara nyingi wakati huo kikomo kimeshapitwa. Isitoshe, shaba haijui imo kwenye bunduki gani. Kikomo cha .30-30, risasi ya zile bunduki zinazokokwa kwa wenzo wa chini wanazozipenda wawindaji wa misituni, ni 42,000 tu. Ukingoja ganda lake lilalamike, bunduki imeshateswa kitambo.

Kinachosaidia ni kitabu cha mtengenezaji wa baruti, kuanzia kipimo chake cha chini, na mashine ya kupima mwendo. Ukiona risasi yako inakimbia kuliko kitabu kinavyosema, kwa mtutu wa urefu uleule, usifurahie. Mwendo huo wa ziada umelipiwa na presha.

"Basi nitapunguza, niwe salama." Si kila mara. Kipimo kidogo mno huweza kukiacha kichwa cha risasi kimekwama katikati ya mtutu, na atakayefyatua ya pili bila kuchungulia atapasua bunduki. Tena baruti zinazowaka polepole, zikiwekwa chache ndani ya ganda kubwa, zimewahi kuleta presha ya ghafla badala ya kuishusha. Ndiyo maana vitabu vina kiwango cha chini, na hicho nacho ni mpaka. Anayetaka risasi nyepesi atafute baruti ambayo mtengenezaji wake mwenyewe ametoa utaratibu wa kuipunguza, kama H4895.

"Namba moja, baruti moja." H4831 na IMR 4831 zina namba ileile, na ukizimwaga mkononi ni vijiti vidogo vya kijivu usivyoweza kuvitofautisha. IMR huwaka kasi zaidi, na ukiijaza IMR kwa kipimo cha juu cha H ni hatari. Niliwahi kuyaweka makopo yote mawili mezani jioni moja nikiwa nimechoka. Nilipomaliza kujaza nikataka kurudisha baruti iliyobaki, nikasimama na kifuniko mkononi nisijue imetoka kopo gani. Nilizivunja risasi zote thelathini, nikaitupa baruti yote. Tangu siku hiyo kopo moja tu hukaa mezani, mengine hayatoki kabatini.

Halafu kuna vipimo vya kale. Vitabu vya zamani huandika presha kwa CUP, yaani kwa kipande cha shaba nyekundu kilichobonyezwa, na wapo wanaotafuta kanuni ya kuigeuza iwe psi, yaani zile pauni kwa kila inchi ya mraba. Kanuni hiyo haipo. Kikomo cha .308 na cha .223 kwa CUP ni kimoja, 52,000. Kwa psi ya kwanza ni 62,000 na ya pili 55,000.

"Ganda ni ganda." La jeshi mara nyingi lina kuta nene, nafasi ya ndani ni ndogo, na kipimo kilekile hupandisha presha. Ganda pia hurefuka kila linapotumika. La .308 likipita milimita 51.18, mdomo wake hubanwa mwishoni mwa chemba na kukikaba kichwa cha risasi. Na likisukumwa nyuma kupita kiasi kwenye kalibu ya kulirudishia umbo, hunyooka kila linapopigwa mpaka likakatika juu kidogo ya kitako. Kulitambua ni rahisi: chukua klipu ya karatasi, inyooshe, pinda ncha yake kidogo, itie ndani na ikwaruze ukutani kuelekea juu. Ikinasa kwenye kijifereji karibu na kitako, ganda hilo limekwisha, hata kama kwa nje linang'aa kama jipya.

Joto nalo lisidharauliwe. Waingereza walilijua zamani: .416 Rigby ya 1911 ilipewa ganda kubwa ili presha ibaki chini, kwa sababu baruti yao ya kordaiti ilipandisha presha kwenye jua la Afrika na India. Baruti nyingi za leo zimetulizwa zisibadilike sana kwa joto, si zote. Risasi usiziache juu ya dashibodi.

Sasa shabaha. "Nimepiga tatu, zote zimegusana, nimepata kipimo changu." Hapana, ndugu yangu, umepata bahati tatu. Bunduki ambayo makundi yake ya risasi tatu yana upana wa wastani wa sentimita 2, ukiipiga risasi kumi kwenye karatasi moja itakupa karibu sentimita 3.2, bila kitu chochote kubadilika. Wengi huchagua kati ya vipimo viwili ambavyo kwa kweli havitofautiani, na kwa kuwa wanaamini kilicho bora kiko juu zaidi, wanaongeza. Mimi ninapiga kumi, nikiupumzisha mtutu upoe, na ninaihesabu hata ile iliyokwenda kando. Kipimo ninachowindia kulungu kiko chini kabisa ya kikomo cha kitabu, na bolti huinuka kwa kidole kimoja.