Je, wajua kwa nini mtoto wa mbwa huikataa sahani?

Watoto saba wa mbwa, umri mwezi mmoja, wamewekewa sinia la uji wa dagaa nyuma ya nyumba, huku Buhongwa, Mwanza. Watatu wanakula. Mmoja ameingia mzimamzima na kusimama katikati ya sinia, miguu yote minne ndani ya uji. Mwingine kanusa, kapiga chafya, kajiendea zake. Wawili waliobaki hawakujisumbua hata kuinuka. Wanalia tu wakimtaka mama yao. Mwenye mbwa kashika kiuno. Chakula kimoja, mama mmoja, siku moja ya kuzaliwa, mbona hawa hawataki?

Jibu la mtaani ni kwamba wamedeka, waache wasikie njaa watakula wenyewe. Mimi sikubaliani nalo. Mtoto wa mbwa wa wiki tatu au nne anatakiwa abadilishe mambo mawili kwa mpigo: jinsi mdomo wake unavyofanya kazi, na harufu ambayo pua yake inaitambua kuwa ni chakula. Anayegoma, ikiwa si mgonjwa, mara nyingi amekwama kwenye mojawapo.

Tuanze na mdomo. Mtoto wa mbwa huzaliwa haoni wala hasikii. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14, masikio yanafuata siku chache baadaye. Kitu kimoja anachokijua tangu dakika za mwanzo ni kunyonya: ulimi unaikumbatia chuchu, unaibana juu kwenye kaakaa, na maziwa yanavutwa. Mbwa mkubwa hanywi hivyo kabisa. Hukunja ncha ya ulimi kwa nyuma, akaichapa juu ya maji na kuirudisha mdomoni kwa kasi. Mwaka 2015 wahandisi wa Marekani walichapisha utafiti waliofanya kwa kupiga picha za video mbwa wakinywa, wakaonyesha kwamba ulimi unaporudi juu kwa kasi hiyo huvuta nguzo ya maji nyuma yake, na mbwa hufunga mdomo juu ya nguzo hiyo kabla haijaanguka. Hapo panatakiwa kulenga wakati, na kulenga wakati hakuji siku moja.

Sasa mtazame yule aliyepiga chafya. Aliingiza pua kwenye uji mwepesi na kufanya anachokijua: akanyonya. Uji ukapanda puani. Mara mbili za namna hiyo zinatosha kumfanya aione sahani kuwa ni balaa, na wewe ukadhani hapendi dagaa.

Kwa hiyo siku za mwanzo usimpe kitu chepesi kama maziwa. Uji uwe mzito wa kulambika, ukichovya kidole unashika na haudondoki ovyo. Chombo kiwe bapa: sinia, au kifuniko cha sufuria kilichogeuzwa. Bakuli lenye kingo ndefu linamlazimisha ainamishe kichwa ndani, na pua inakuwa ya kwanza kuzama. Anza na kidole. Paka uji kidogo kwenye mdomo wake wa juu, atajilamba. Mpe kidole alambe, kisha kishushe taratibu mpaka kiguse sinia, ulimi wake uwe umeshafika kwenye chakula kabla hajajua. Na yule aliyesimama ndani ya uji usimtoe. Ndugu zake watamlamba miguu, na yeye atajilamba, na wengi huanza kula kwa njia hiyo hasa. Mama yao akija baadaye atawasafisha wote mpaka sinia, tena kwa furaha.

Bomba la sindano la kumimina uji kooni liache. Mtoto asiyetaka kumeza huuvuta kwenye mapafu, na nimonia ya hivyo huua haraka.

Jambo la pili, harufu, ndilo ambalo watu wengi hawalifikirii, ingawa kwangu mimi ndilo lenye utamu zaidi. Mtoto wa mbwa huanza kujifunza chakula kabla hajazaliwa. Mwaka 2006 watafiti wa Belfast walichapisha jaribio ambalo mbwa wenye mimba na wanaonyonyesha walilishwa chakula chenye ladha ya anisi, kiungo chenye harufu kali. Watoto walipofikia wiki 10 wakapewa kuchagua. Waliokutana na harufu hiyo tumboni na tena kwenye maziwa ndio waliopenda zaidi chakula chenye anisi. Mwaka uliofuata likachapishwa jaribio jingine la Marekani: mbwa aliyekutana na mwenzake aliyetoka kula chakula chenye kiungo fulani alielekea kuchagua chakula chenye kiungo hichohicho, kwa sababu alikinusa mdomoni mwa mwenzake. Kwa maneno mengine, mbwa huambiana kwa pumzi nini kinalika.

Hebu sasa rudi Mwanza na matokeo hayo mkononi. Mbwa jike aliyelelewa kwa ugali na mchuzi wa dagaa tangu apate mimba amewafundisha watoto wake dagaa kwa miezi mitatu mfululizo. Halafu mwenye nyumba, kwa nia njema kabisa, anakwenda dukani mjini na kununua mfuko wa chakula cha punje kutoka nje, cha bei ya kuumiza, anakimwaga kikavu kwenye bakuli. Watoto wananusa na kuondoka. Chakula hakina ubaya wowote, pengine ni bora kuliko cha nyumbani. Kosa lake ni kwamba hakinukii mama. Ukitaka kuwazoesha punje, mwanzishie mama wiki kadhaa kabla, au loweka punje kwa mchuzi wa kile alichokuwa akila na upunguze mchuzi siku hadi siku. Na popote ulipo, mlishe mama chakula kilekile cha watoto kwanza, kisha mruhusu aende kwao na mdomo wake unanukia. Watamlamba midomo. Mbwa mwitu na baadhi ya mbwa wa nyumbani hufika mbali zaidi: watoto wakilamba mdomo, mama hutapika chakula alichokwisha kukimeza nao wakakila. Ukiona hivyo uani usishtuke wala usimfukuze mama, anafanya kazi yako.

Harufu inataka joto. Uji uliopoa, hasa asubuhi upepo wa ziwa ukivuma, hutanda utando juu na haunukii. Upashe uwe vuguvugu, joto la mwili, kama unavyojaribu uji wa mtoto mchanga nyuma ya kiganja. Nimeona chakula kilichokataliwa saa moja kikilambwa chote baada ya kupashwa tu.

Kuhusu chakula chenyewe, watu wa kando ya ziwa tuna bahati ambayo wenzetu wengi hawana. Dagaa mkavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na kwa kuwa huliwa mzima na miiba yake, kalsiamu ya mifupa na meno imo humohumo. Unga wa dona pekee una protini kama 8% au 9%, wakati viwango vinavyotumika Marekani kwa chakula cha mbwa anayekua vinataka isipungue 22.5% ya uzito mkavu. Ndiyo maana mtoto anayelishwa ugali mtupu hushiba lakini hakui, tumbo kubwa na miguu membamba. Piga hesabu: kilo moja ya dona na nusu kilo ya unga wa dagaa hukupa kama 24%. Ugali wa muhogo ni mbaya zaidi kuliko dona kwa kazi hii, kwa sababu muhogo karibu wote ni wanga.

Dagaa wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, hasa wale wa bei ya chini wanaonunuliwa kwa ajili ya kuku, wengi wameanikwa mchangani. Waoshe kwa maji ya moto mara kadhaa, waanike tena, watwange, uchekeche. Mchanga utakaobaki chini ya ndoo utakueleza kwa nini nasisitiza. Wapike, usiwape dagaa wabichi wala samaki mbichi. Uji uive sawasawa, kwani vimeng'enya vya kusaga wanga kwa mtoto huwa kidogo mwanzoni na huongezeka kadiri anavyoacha maziwa. Ongeza kijiko cha mafuta ya kula, mara mojamoja yai lililochemshwa. Chumvi, kitunguu na kitunguu saumu visiingie. Vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa.

Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa dagaa hupumzika, maana taa zao hazivuti kitu, na bei hupanda. Hapo geukia mapanki, mifupa ya sangara iliyobaki baada ya kuondolewa minofu. Chemsha, chambua nyama kwa vidole, mchuzi uchuje kwa chujio la chai, na mifupa yote itupwe mahali ambapo mama haifikii. Mfupa wa sangara uliopikwa ni sindano.

Jihadhari na kitu kimoja ambacho watu hukichukulia poa: pumba na mahindi yaliyoota ukungu. Kuna tabia ya kusema "hayo yatafaa kwa mbwa." Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupika, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika nayo kirahisi, ini ndilo linaloharibika. Unga usioupikia wanao usiwapikie na hao.

Na maziwa ya ng'ombe? Maziwa ya mbwa yana protini na mafuta takriban mara mbili ya hayo, na sukari ya maziwa pungufu. Kijiko cha kulainishia uji hakina neno, ila mtoto aliyepewa kikombe cha maziwa ya ng'ombe kila siku mara nyingi huharisha, na anayeharisha hupoteza hamu ya chakula chochote.

Wakati nao una neno. Kulikiza, yaani kuachisha kunyonya, huanza wiki ya tatu au ya nne, na kukamilika wiki ya saba au ya nane. Mama mwenyewe hukuonyesha. Meno ya watoto, ambayo mwishowe hufika 28, yakianza kuchoma chuchu, utamwona ananyanyuka katikati ya kunyonyesha na watoto wananing'inia kama ndizi. Ila mama mwenye maziwa mengi na moyo mpana huwachelewesha wanawe, kwani nani aende kuhangaika na sinia ilhali chuchu ipo? Mtoe mama saa mbili hivi kabla ya kuweka chakula, mfungie upande wa pili au mpeleke atembee. Weka chakula mara nne kwa siku, kidogokidogo. Baada ya robo saa ondoa, kabla kuku hawajafika. Kisha mrudishe mama. Maji safi kwenye kifuniko yawepo tangu siku ya kwanza ya uji.

Wale wazito wa kuanza kula watenge wawili wawili, mbali na ndugu zao wakubwa wanaowasukuma, lakini usimtenge mmoja peke yake. Kumwona mwenzake analamba kunampa moyo.

Mtoto wa wiki nne anayekataa uji lakini ananyonya, anacheza na anaongezeka uzito, huyo muache, siku yake haijafika. Mpime kwa mizani ndogo ya jikoni au ya dukani, kila siku muda uleule. Uzito ukisimama, au ukishuka, swali la sahani linakwisha hapo na linaanza swali la ugonjwa. Wa kwanza kushukiwa ni minyoo. Mnyoo mviringo wa mbwa hupita kutoka kwa mama kwenda kwa watoto tangu tumboni, na baadaye kwenye maziwa, kwa hiyo hata mtoto ambaye hajawahi kugusa udongo anaweza kuwa nao. Ndiyo sababu dawa hutolewa wakiwa na wiki mbili na kurudiwa kila baada ya wiki mbili mpaka wiki ya nane, mama naye akipewa. Kipimo chake kinatokana na uzito, muulize mtaalamu wa mifugo wa kata yako, usikadirie kwa jicho. Mnyoo huyo huyo huwapata watoto wetu wanaochezea uani, kwa hiyo dawa hiyo unaitoa kwa faida ya nyumba nzima.

Fizi zikiwa nyeupe, fikiria safura au viroboto waliomnyonya damu. Maziwa yakitokea puani kila anaponyonya, mfungue mdomo utazame kaakaa, huenda limepasuka. Kutapika pamoja na kuharisha damu yenye harufu mbaya, mlegevu, hataki hata chuchu: usingoje kesho. Mtoto mdogo hana akiba mwilini, sukari ya damu hushuka ndani ya saa chache.

Kuna kundi la mwisho la wanaogoma, na nadhani ni kubwa hapa kwetu: waliochukuliwa mapema. Mtu anasikia kuna watoto wa mbwa Igoma, anampakia mmoja kwenye boksi akiwa na wiki nne au tano, anafika naye Nyegezi jioni, anamwekea wali na mchuzi wa nyama, na mtoto analia usiku kucha bila kugusa. Amepoteza mama, ndugu, na harufu yote aliyoijua, kwa siku moja. Mwenye mbwa asiruhusu watoke kabla ya wiki nane. Na akija mtu kuchukua, ampe na kifuko cha unga uleule wa dona na dagaa wa kutosha wiki moja, na kitambaa walichokuwa wanalalia. Siku mbili tatu za kwanza apewe unga huo bila kuchanganywa na kitu, kisha chakula cha nyumba mpya kiingizwe kwa kijiko, kikiongezwa kila siku mpaka kifuko kiishe.