Kupiga kambi pwani ya Namibia: panga kwa ukungu na upepo, joto lisikudanganye

Watu wakisikia Namibia wanafikiria jangwa, na wakisikia jangwa wanapakia kaptula na ndala, basi. Mimi kazi yangu ni kupanga na kuongoza safari za kambi huko kusini mwa Afrika na wateja ninaowaona wanatetemeka kuliko wote hawako milimani, wako pale kati ya mji wa Swakopmund na rasi ya Cape Cross, tena Desemba, msimu wa joto kabisa, saa moja asubuhi wamejikunyata ndani ya gari hita imewashwa. Ile ni pwani ya Atlantiki jamani, na Atlantiki ya upande ule ni ya baridi.

Sababu yenyewe ukiielewa, mpango mzima unakaa sawa. Kuna mkondo wa bahari unaitwa Benguela, unatokea upande wa Rasi ya Tumaini Jema unapanda kaskazini ukiambaa pwani, na upepo wa kusini unasukuma maji ya juu yaende mbali na nchi kavu, kwa hiyo maji ya kilindini, yale ya baridi hasa, yanapanda kuchukua nafasi. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya hayo maji inapoa inageuka ukungu, lakini mvua hainyeshi, manake juu yake kuna hewa yenye joto zaidi inayoifunika isipande. Ndo maana Swakopmund mvua ya mwaka mzima haifiki hata milimita 25 na bado unaamka hema linachuruzika maji.

Swali la kwanza ninaloulizwa siku zote ni "twende mwezi gani?" Mimi naanzia kwenye saa kwanza, mwezi baadaye. Siku ya kawaida pale inakwenda hivi: alfajiri ukungu mzito na hakuna upepo, kwenye saa nne au saa tano ukungu unaachia, mnapata masaa mazuri kabisa ya jua, halafu mchana upepo wa kusini-magharibi unaamka na unazidi mpaka jioni. Sasa ukijua hivo hupangi kufika kambini saa kumi jioni uanze kuhangaika na hema linalopepea, unapanga ufike kabla ya saa sita, unasimamisha hema kukiwa kumetulia, mlango unaangalia kaskazini-mashariki, na gari unalipaki upande upepo unakotoka. Kupika vilevile, chakula kikubwa nakifanya mchana mapema, jioni ni supu na chai tu nyuma ya gari.

Mwezi nao una mambo yake. Juni mpaka Agosti ni majira yao ya baridi lakini kuna siku upepo unageuka unatoka mashariki, jangwani, joto linapanda mpaka juu ya nyuzi 30 pale pale ufukweni na mchanga unaruka unachubua hata rangi ya gari. Siku kama hiyo usilazimishe kubaki kambini, kunja hema ingia mjini. Desemba na Januari bara kuna joto kali kwa hiyo Wanamibia na Waafrika Kusini wanakimbilia pwani na fimbo zao za kuvulia, viwanja vinajaa, booking ifanye mapema sana, na kambi ya Torra Bay yenyewe iliyo ndani ya hifadhi ya Skeleton Coast inafunguliwa miezi hiyo miwili peke yake. Kwa familia yenye watoto mimi nashauri Machi au Aprili, watu wamepungua na upepo mara nyingi unakuwa na huruma kidogo.

Nikae kwenye hema sasa, manake hapa ndo safari nyingi zinaharibika. Vigingi vifupi vinavyokuja na hema havishiki kwenye mchanga, viache tu nyumbani. Chukua mifuko imara, hata ya kubebea vitu sokoni, ijaze mchanga, funga kamba ya hema katikati ya mfuko, chimba shimo la kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko, zika mfuko ukiwa umelala kukingama na kamba, rudishia mchanga kwa kuukanyaga, na ukiwa na maji ya bahari mwagia juu ushikane. Kamba nne za namna hiyo hazing'oki usiku kucha. Halafu usifunge matundu ya hewa eti kwa sababu ya baridi! Pumzi zenu nyie wenyewe ni maji, ukiziba kila kitu asubuhi zinawadondokea kutoka kwenye dari, ukichanganya na ukungu wa nje begi la kulalia linalowa, na la manyoya ya ndege likilowa halina joto tena, kwa hiyo kwa pwani ile nunua la nyuzi za kutengeneza. Chini weka godoro la povu hata kama una la kupuliza, baridi ya ardhini inakupata kuliko ya hewani.

Nguo kwa kifupi: sweta la sufu, koti la kuzuia upepo, kofia ya kufunika masikio, soksi kavu za kulalia ambazo hazitoki kwenye begi mpaka usiku. Na mafuta ya jua, ndio, ukungu haulizuii jua kukuunguza. Kuogelea sahau, maji ni ya baridi na mkondo wa kuvuta ni mkali.

Barabara sasa. Kwenye C34, ile barabara ya pwani inayopanda kaskazini, kuna vipande vilivyotengenezwa kwa chumvi, vikiwa vikavu utadhani lami, rangi ya kijivu, ngumu, gari linakwenda laini na unajisahau unakanyaga mafuta. Ukungu ukilowesha juu panakuwa kama sabuni. Asubuhi nenda polepole, taa washa, breki za ghafla usiguse, na kama hakuna haraka subiri hiyo saa nne. Nje ya barabara usitoke kabisa, hasa kwenye zile tambarare zenye madoa ya kijani na chungwa, ile ni kuvu-mwani (lichen) inayoishi kwa huo huo ukungu na inakua taratibu mno, tairi likipita alama inabaki miongo. Hili naomba mlichukulie kwa uzito, inauma sana kuona alama za magari pale.

Majina ya kambi kama Mile 14, Mile 72 na Mile 108 ni maili kutoka Swakopmund, kwa hiyo hesabu ya mafuta ni rahisi, Mile 108 ni kama kilomita 174. Jaza tanki mji wa Henties Bay, maji ya kunywa jaza Swakopmund ya siku zote, kuni nunua huko huko mjini, pwani hakuna miti. Ukitaka kuvua chukua kibali kwanza. Pikipiki hairuhusiwi ndani ya Skeleton Coast, na kama mnapita tu bila kulala mnapewa kibali cha kupita getini, ila kuna saa ya mwisho ya kuingia kwa hiyo fikeni asubuhi.

Mpangilio ninaoupenda ni kwenda kaskazini, upepo unakuwa mgongoni. Mnalala Swakopmund mnanunua vitu, mnaenda Mile 72, mchana mnapita Cape Cross kwenye sili (Novemba na Desemba wanazaa, kelele na harufu ni kubwa lakini ni kitu cha kuona), kisha geti la Ugabmund la kuingia Skeleton Coast, na hapo karibu na Torra Bay mnakata kulia kwa barabara ya C39 kupitia geti la Springbokwasser kuingia Damaraland, huko bara. Kituo cha kwanza bara simamisheni mapema, anikeni kila kitu, zipu za hema zisuuzeni kwa maji baridi kabla chumvi haijazila, ndo mwende Twyfelfontein kuona michoro ya mwambani.