Breki ya maegesho ya umeme, na kwa nini hugoma kuachia

Breki ya maegesho ya umeme ni handbreki ileile, ila kazi ya kuivuta imepewa mota. Wenzo wa katikati ya viti umeondolewa; pana kitufe chenye herufi P ndani ya duara. BMW iliiweka kwenye 7 Series mwaka 2001, na leo utaikuta kwenye Honda Vezel, Mazda CX-5 na Volkswagen Tiguan, magari tunayoyaona kila siku Nairobi na Dar es Salaam.

Ziko za namna mbili. Kwenye baadhi ya magari mota moja huvuta nyaya za chuma kama za zamani. Kwenye mengi ya siku hizi, kila kalipa ya nyuma (kifaa kinachobana diski ya gurudumu) ina mota yake ndogo: mota huzungusha gia, gia huzungusha skrubu, skrubu husukuma pistoni, pedi zinabana diski.

Skrubu hiyo ndiyo ya kuielewa kwanza. Ni kama jeki ya skrubu: ikishapanda haishuki mpaka uizungushe. Kwa hiyo betri ikifa usiku, gari lililoegeshwa mlimani halitelezi. Na kwa sababu hiyohiyo, betri ikifa breki haiachii, maana kufungua kunataka umeme kama kufunga.

Basi anza na betri. Taa za dashibodi kuwaka hakuthibitishi kwamba betri ni nzima. Taa hula umeme kidogo, mota hula mwingi. Azima umeme kwa nyaya za jampa, washa injini, kanyaga pedali ya breki barabara, ndipo ubonyeze kitufe. Magari mengi hayaachii bila mguu kwenye pedali. Yale yanayoachia yenyewe ukikanyaga mafuta, mengi hutaka kwanza uwe umefunga mkanda.

Hapa pana ugonjwa unaorukwa mara nyingi, na unanisikitisha kwa sababu watu huishia kununua kalipa wasiyoihitaji. Juu kwenye mkono wa pedali kuna swichi ndogo inayowasha taa za breki. Ikiharibika, kompyuta haijui kwamba umekanyaga, nayo inakataa kuachia. Mwombe mtu asimame nyuma ya gari. Ukikanyaga na taa za breki zisiwake, angalia fyuzi na swichi hiyo kabla ya kugusa kitu kingine.

Taa zikiwaka, sikiliza. Mtu ainame karibu na magurudumu ya nyuma huku wewe unabonyeza kitufe. Mota zikinguruma kote kuwili na gurudumu bado limekaza, shida ni ya chuma. Huenda pedi zimegandana na diski kwa kutu, jambo la kawaida kwa gari lililolala muda mrefu kwenye hewa ya chumvi ya Mombasa au Tanga. Au gia ya ndani imevunjika: mwaka 2017 Tesla iliyaita yarudi kurekebishwa magari yapatayo 53,000 ya Model S na Model X kwa sababu ya gia ndogo ya aina hiyo. Upande mmoja ukiwa kimya, shuku waya au plagi yake, kwani hupigwa na maji na tope kila siku. Kimya kote kuwili ni fyuzi, kitufe au kompyuta, na hapo itafutwe mashine ya kusomea makosa.

Usilazimishe kwa kukanyaga mafuta, utaunguza pedi. Kwenye kalipa nyingi fundi anaweza kuitoa mota na kuirudisha skrubu kwa mkono, lakini kwanza gia iwe P na matairi yawekewe mawe mbele na nyuma, kwani gari litakuwa huru kuondoka. Na siku ya kubadilisha pedi, asiisukume pistoni kwa klampu kabla ya kuiweka breki kwenye hali ya matengenezo. Skrubu bado imeisimamia kwa ndani, na kinachovunjika ni kalipa.